Nitajie Jina Lako Kwanza

Shule za Uganda zilipofunguliwa Januari 2022, baada ya karibu miaka miwili ya kufungwa kwa sababu ya korona, sote tulirudi na barakoa usoni. Wiki ile ya kwanza mwalimu mwenzangu wa hisabati aliingia ofisini, akajitupa kwenye kiti, akaanza kulalamika. Barakoa zimemchosha. Hamtambui mtoto, hamtambui mwalimu mwenzake. Inabidi angoje mtu aongee ndipo amjue kwa sauti, au amtazame anavyotembea, au akumbuke viatu vyake. "Hii ni kazi, jamani. Mtu unachoka kichwa hata saa nne haijafika."

Nilimsikiliza kwa mshangao, maana alikuwa anasimulia maisha yangu. Nikamwuliza, na niliuliza kwa moyo safi kabisa, "Na kabla ya barakoa ulikuwa unawajuaje?"

Akanitazama. "Kwa sura, Mwalimu. Unamwona mtu, unamjua."

"Mara moja tu?"

"Mara moja tu."

Nilikuwa na miaka 36. Mpaka siku ile niliamini kwamba kila mtu anafanya kazi ninayofanya mimi: kuokota sauti, mwendo, nguo, mwanya wa meno, mahali mtu anapopenda kukaa, kisha kujumlisha yote hadi jina lipatikane. Niliwaona wenzangu kuwa wepesi wa hesabu hiyo kuliko mimi. Kumbe wao hawajumlishi chochote.

Mimi ni mtoto wa polisi. Anayeijua Uganda ataelewa kwa nini Kiswahili ni lugha yangu ya utotoni ingawa kwetu ni Tororo na baba yangu ni Mjopadhola. Katika kambi za polisi tulikaa pamoja na Waacholi, Wateso, Walugbara na Wanubi, na lugha ya uani, ya bombani na ya kugombana ilikuwa moja. Kambini sikujua kwamba nina tatizo. Nyumba zilipangwa kwa mstari, kila mama ana mlango wake, sauti yake, na jiko lake la makaa mbele ya mlango. Mama wa mlango wa tatu alikuwa mama wa mlango wa tatu. Mtu akiwa mahali pake nilimjua. Akitoka hapo, alinipotea.

Ndivyo nilivyochapwa mara ya kwanza kwa ajili ya jambo hili. Jirani yetu alikutana nami sokoni, akatabasamu, nami nikaendelea na safari yangu. Jioni akamwambia mama, "Binti yako leo amenipita kama anapita mti." Kwetu mtoto asiyemsalimu mtu mzima hajakosa adabu peke yake, amewavua nguo wazazi wake hadharani. Nilijitetea kwamba sikumwona. Lakini alikuwa ameniona nikimtazama usoni.

Nikajitafutia dawa. Nikaanza kumsalimu kila mtu mzima niliyekutana naye, nimjue nisimjue, na baba alipohamishiwa upande wa Buganda, ambako wasichana hupiga magoti wakisalimu, nikawa nampigia magoti kila mwanamke aliyevaa gomesi, lile vazi refu la akina mama. Nikasifiwa kambi nzima kuwa mtoto mwenye heshima. Watu walisema mama ana bahati. Mimi nilikuwa naogopa tu.

Shuleni ndipo mambo yalipoharibika. Kwa wasomaji walio nje ya Uganda lazima nieleze: katika shule zetu nyingi, wasichana kwa wavulana, wote tunanyolewa nywele. Shati moja, sketi moja, soksi moja, na vichwa vyote vimenyolewa. Darasa letu la pili lilikuwa na watoto zaidi ya sitini. Mwenye kutambua sura haoni ugumu hapo. Mimi niliona mtoto mmoja aliyezidishwa mara sitini.

Nilikuwa na rafiki mmoja. Alikuwa na kovu la kuungua na uji kwenye mkono wa kushoto, na kovu lile ndilo lililokuwa rafiki yangu, kama naweza kusema hivyo. Kila asubuhi nililitafuta, nikilipata nakaa kando yake. Siku moja ya mvua alivaa sweta. Nilizunguka uwanja mzima nikimtafuta, hatimaye nikamsogelea msichana aliyesimama peke yake chini ya mwembe, nikamwuliza, "Umemwona rafiki yangu?" Nikamtaja jina. Alilia. Alidhani nimemkana mbele yake kwa makusudi, kama watoto wanavyofanyiana wakigombana. Hatukuwa tumegombana. Sikupata neno la kumwambia, na kufikia muhula uliofuata alikuwa na marafiki wengine.

Watu huniuliza naona nini ninapotazama uso. Naona kila kitu. Naona macho, pua, mikunjo ya paji, naona kama mtu ana hasira au ametoka kulia. Kuangalia uso kwangu ni kama kuangalia mawe ya mtoni. Kila jiwe naliona vizuri, naweza hata kukueleza umbo lake, lakini lirudishe kati ya wenzake kisha uniulize kesho lilikuwa lipi. Na shida hii inakaa kwenye nyuso tu. Mwamba wa Tororo naujua kutoka pande zote, ukija kwa barabara ya Mbale au ya Malaba, asubuhi au magharibi. Ng'ombe wa baba nawajua. Maandishi ya wanafunzi wangu nayajua hata wasipoandika jina. Dada yangu akibadilisha mtindo wa nywele, nampita barabarani.

Mwaka 2014 tulimzika mume wa shangazi yangu. Huyu ni dada wa baba aliyenilea kila likizo, aliyenifundisha kusonga kwon, ugali wa kwetu, na kushona. Wanaojua mazishi ya kwetu wanajua akina mama wanavyokuwa: gomesi, kitambaa kichwani, macho yamevimba, sauti zimekauka kwa kulia. Nilikuja na basi kutoka mbali, nimechelewa. Karibu na jeneza alikaa mwanamke kwenye mkeka, mwili ule ule, umri ule ule. Nikaanguka mikononi mwake nikamlilia, "Pole, shangazi." Alikuwa dada wa marehemu, hanijui. Shangazi yangu mwenyewe alisimama mlangoni amenyoosha mikono kuelekea kwangu. Nilipoinuka nikampa mkono, nikasema, "Poleni, mama," kama mtu anavyomsalimu mfiwa asiyemjua, nikaingia ndani.

Hakunisemesha kwa miaka minane. Maneno yake yalinifikia kupitia kwa wengine: "Amesoma, sasa anajisikia. Siku ninayomzika mume wangu, amenipa mkono kama mpita njia." Nilimtumia ujumbe, nikamtumia sukari na kitenge. Lakini ningemweleza nini? Mimi mwenyewe niliamini kwamba mtu anayempenda shangazi yake angemjua. Nilikaa usiku nikijiuliza kama moyoni mwangu mna kasoro.

Kazini nako nilipata barua ya onyo. Katika mtihani wa mwisho wa muhula niliousimamia, mvulana mmoja aliingia kumfanyia mwenzake, akaketi kwenye dawati la mwenzake, akaandika hadi mwisho. Kamati iliniuliza jambo moja tu: mvulana huyu umemfundisha mwaka mzima, ungewezaje kutomjua? Ama ni kipofu ama umekula pesa. Sikuwa kipofu. Nikatia sahihi barua yao.

Lakini kilichonitisha kuliko vyote ni lango la shule ya binti yangu. Alikuwa darasa la kwanza, amenyolewa kama wenzake. Kengele ililia, watoto wakamiminika, nikamwona anakuja, nikamshika mkono tukaanza kutembea. Baada ya hatua chache akainua uso. "Wewe si mama yangu." Mama yake halisi alikuwa nyuma yetu. Nilieleza kwamba nimechanganya, akanielewa, au alijifanya kunielewa. Nilirudi langoni nikamkuta wangu amesimama ananingoja. Alikuwa ameniona nikiondoka na mtoto mwingine.

Usiku ule sikulala. Ikiwa siku moja atapotea stendi, na mtu aniulize, mama, ni yupi kati ya hawa? Tangu hapo mkoba wake una uzi mwekundu, na tumeagana kwamba yeye ndiye ananiita kwanza, kwa neno letu la nyumbani ambalo sitaliandika.

Kwa hiyo mwalimu wa hisabati aliposema "mara moja tu", yote haya yalisimama mbele yangu kwa pamoja, kovu, jeneza, barua, lango. Jioni niliandika kwenye simu kwa maneno ya kawaida kabisa: kwa nini siwezi kutambua sura za watu. Likaja neno nisiloweza kulitamka, prosopagnosia. Daktari Mjerumani, Joachim Bodamer, ndiye aliyelitunga mwaka 1947, akiunganisha neno la Kigiriki la uso na lile la kutojua, alipoandika juu ya wagonjwa walioumia kichwani wakapoteza uwezo wa kutambua nyuso. Baadaye watafiti wakaona kwamba wapo wengine ambao hawakuumia popote. Wamezaliwa hivyo na wanaishi hivyo, na wengi hawajui. Tafiti za ng'ambo zinakadiria watu wapatao 2 kati ya kila 100. Sensa yetu ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9. Kama hesabu ya huko inafanana na ya kwetu, basi Uganda ina watu wapata 900,000 wanaopita shangazi zao barabarani.

Nilisoma pia kwamba Jane Goodall, yule mama wa sokwe wa Gombe aliyefika Kigoma mwaka 1960, alikuwa na tatizo hili na alilisema hadharani. Daktari wa neva Oliver Sacks alikuwa nalo, na kaka yake vilevile. Sacks aliandika kwamba zaidi ya mara moja aliomba radhi kwa kukaribia kugongana na mtu mwenye ndevu, kumbe ni yeye mwenyewe kwenye kioo. Nililia niliposoma hilo. Nimewahi kumpisha mwanamke kwenye mlango wa vioo wa benki.

Kupimwa hakukuwa rahisi, na naeleza kwa urefu kwa sababu nilipokuwa natafuta sikupata mtu wa kunieleza kwa lugha yangu.

Nilianza kwa macho, kama wengi watakavyoshauriwa. Macho mazima. Nikaenda zahanati moja, nikaambiwa ni msongo wa mawazo, nikapewa vidonge vya vitamini. Mchungaji wetu aliniombea, na sina neno baya juu ya maombi yale. Alikuwa mtu wa kwanza kunisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Hatimaye nikafika kwa daktari wa neva, Kampala.

Huyu aliuliza maswali mengi kabla ya kunigusa. Ilianza lini? Uliwahi kuanguka, kupata malaria ya kichwa, kifafa, kiharusi? Je, unapotea njia? Unachanganya vitu, kwa mfano kikombe na bakuli? Unasoma hisia za mtu usoni? Sauti unazijua? Usingizi, huzuni, kumbukumbu za mambo mengine? Aliuliza pia maswali ya usonji, kwa kuwa baadhi ya watu wenye usonji nao hupata ugumu wa nyuso. Alieleza kwa nini swali la kwanza ndilo kubwa. Mtu aliyekuwa anatambua watu vizuri, kisha ghafla asimjue mkewe, akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda ni kiharusi au uvimbe. Mtu aliyekuwa hivi tangu utotoni hana dharura. Hata picha ya ubongo haikuhitajika kwangu. Kwa watu kama mimi picha ya kawaida kwa kawaida haionyeshi kitu.

Alinichorea ubongo nyuma ya karatasi ya dawa. Upande wa chini, kuelekea nyuma, hasa kulia, pana sehemu ndogo ambayo mwaka 1997 Nancy Kanwisher na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba inafanya kazi zaidi mtu anapotazama uso kuliko anapotazama kitu kingine. Wenzangu wanauchukua uso mzima kwa mkupuo mmoja, kama mtu anavyosoma neno bila kutaja herufi. Mimi natamka herufi moja moja.

Kisha akanituma kwa mwanasaikolojia mmoja, mhadhiri, ambaye alinipa asubuhi nzima.

Kwanza tulijaza dodoso la maswali 20 lililotungwa Uingereza na kutolewa mwaka 2015. Unasoma sentensi, kwa mfano kwamba wakati mwingine unashindwa kufuatilia filamu kwa sababu unachanganya wahusika, unajipa alama kuanzia 1 hadi 5. Jumla huanzia 20 hadi 100, na kuanzia 65 kwenda juu wanaanza kushuku. Nilipata 83. Aliniambia tusishangilie mapema. Dodoso linapima mtu anavyojiona, na mtu anaweza kujidharau au kujikweza bila kujua. Mimi mwenyewe, ningejazishwa miaka mitano nyuma, ningejibu kwamba niko kama wengine, kwa sababu sikujua wengine wakoje.

Kipimo cha pili kilikuwa cha kompyuta. Kilitengenezwa na Brad Duchaine na Ken Nakayama mwaka 2006. Unaonyeshwa wanaume sita, mmoja mmoja, kutoka pembe tatu. Halafu unaletewa nyuso tatu kwa pamoja, uchague ni nani kati yao uliyemwona. Mwanzoni picha ni zile zile ulizojifunza, maswali 18. Kisha zinakuja mpya za watu wale wale, mwanga umebadilishwa, shingo imegeuzwa, maswali 30. Mwishowe 24 ambazo picha zimefunikwa chengachenga kama televisheni isiyoshika. Jumla 72. Anayebahatisha tu atapata kama 24.

Na nywele zimekatwa. Picha zote zimekatwa pembezoni, umebaki uso mtupu, hakuna nywele wala nguo. Ilipotokea picha ya kwanza nilisikia jasho kwenye viganja. Nilikuwa nimerudi darasa la pili, uwanjani, natafuta kovu.

Sehemu ya kwanza nilijitahidi, nikashikilia nyusi na kidevu. Picha zilipobadilika pembe, nyusi zangu zikapotea. Sehemu ya tatu nilibonyeza tu. Nilipata 37. Vijana wa ng'ambo waliopimwa wakati kinatengenezwa walipata wastani wa karibu 58, na kwa kawaida aliye chini ya 42 hivi ndiye anayechunguzwa zaidi.

Mhadhiri alieleza kwamba vipimo vya zamani vilikuwa na tundu. Kuna kimoja cha mwanasaikolojia Benton kilichotumika miaka mingi, ambacho picha zinabaki mbele yako unapolinganisha. Mtu mvumilivu anaweza kukaa akilinganisha nyusi kwa nyusi hadi apate jibu, akaonekana mzima. Nafikiri ningekifaulu. Nimelinganisha nyusi maisha yangu yote.

Lakini hapa ndipo nilipomheshimu zaidi. Aliniambia alama yangu ya 37 hawezi kuiamini peke yake, kwa sababu wanaume wale sita wote ni Wazungu. Binadamu yeyote hutambua vizuri zaidi nyuso za aina aliyokulia kati yake; hilo limepimwa mara nyingi, na Mzungu aliyekulia kwao huchanganya nyuso zetu vivyo hivyo. Mtu wa Tororo mwenye uwezo kamili anaweza kupata alama ya chini pale bila kuwa na kasoro yoyote. Ningependa kila daktari wa Afrika Mashariki anayepakua kipimo hiki kwenye intaneti alijue jambo hilo kabla ya kumwambia mtu yeyote chochote.

Kwa hiyo alitengeneza kingine, cha nyumbani. Alimwomba dada yangu akusanye picha za watu ninaowajua vizuri: wazazi, ndugu, walimu wenzangu, na viongozi na wanamichezo wanaojulikana na kila Mganda. Zikakatwa zote zibaki nyuso tupu, zikachanganywa na za watu nisiowajua. Kaka yangu mdogo alipewa zile zile chumba cha pili, ili tuwe na mtu wa kulinganisha naye, maana tumekulia nyumba moja na tunawajua watu wale wale.

Kati ya picha 30 za watu ninaowajua, kaka alitaja 28. Mimi nilitaja 7. Mama nilimpata kwa mwanya. Baba nilimpata kwa alama ya jeraha juu ya nyusi. Rais Museveni, ambaye picha yake imening'inia katika kila ofisi niliyowahi kuingia, bila kofia yake pana sikumjua. Binti yangu nilimtazama kwa muda mrefu nikasema, "Ni mtoto wa kike, simjui." Na picha ya 22 nilisema ni mwalimu fulani wa shuleni kwetu. Ilikuwa yangu mimi.

Mhadhiri hakuharakisha. Alininyamazia, akanipa maji. Kisha akasema kwa Kiswahili cha Kampala, "Wewe si mtu mbaya. Hukumkataa mtu yeyote." Sijui kama neno hilo limo katika vitabu vya saikolojia. Kwangu ndilo lililokuwa majibu ya vipimo.

Alisema pia hakuna dawa. Yapo mazoezi ya kompyuta ambayo watafiti wameyajaribu na baadhi ya watu wakapata nafuu kidogo, lakini hakuniahidi. Akauliza kama nyumbani yuko mwingine, kwa kuwa mara nyingi jambo hili hutembea katika familia. Nikasema hapana. Nikiwa ndani ya teksi ya kurudi Tororo nikamkumbuka baba, konstebo wa lango kwa miaka mingi, aliyesifika kambini kwa ukali. Hakuna aliyepita bila kusema jina na shughuli yake, hata awe mkubwa wake, hata awe ndugu yake wa tumbo moja aliyekuja na debe la njugu. Watu walicheka kwamba Afande hajui undugu akivaa sare. Nilimwuliza. Alifikiri, akajibu kwamba sauti haidanganyi kama sura. Sikumsukuma zaidi. Ana miaka 74, na ukali wake ndio fahari yake.

Baada ya hapo nilimwambia mkuu wangu wa shule, nikiwa na barua ya daktari mkononi. Sasa tukisimamia mtihani tunakuwa wawili, na vitambulisho vinakaa juu ya dawati. Darasani nina ramani ya viti ambayo hakuna ruhusa ya kuibadilisha. Na nimepata bahati ya kufundisha Kiswahili, ambacho katika kidato cha kwanza kina somo la kujitambulisha. Wenzangu hulimaliza kwa wiki mbili. Langu linakwenda mwaka mzima: kila anayenyoosha mkono husimama, akasema "Jina langu ni fulani", ndipo ajibu. Watoto wamezoea kiasi kwamba wanafanya hivyo hata katika somo la jiografia. Mimi sipotezi mtu, nao wanakuwa na sauti.

Mwaka huo huo wa 2022, mwezi wa Septemba, nilikwenda kwa shangazi. Nilienda na dada yangu, ili nisije nikakosea tena uani kwake. Nilipiga magoti kwa mtu sahihi, nikaeleza yote, mawe ya mtoni, picha ya binti yangu, picha yangu mwenyewe. Alisikiliza huku akichambua mchele. Hakuinua macho. Mwishowe akauliza, "Kwa hiyo mimi kila nikikuona nijitaje, kama mgeni?"

Nikasema, "Ndiyo, shangazi. Nakuomba."

"Miaka minane," alisema, na hakuongeza neno. Tukanywa chai. Sikujua kama ameniamini, na sikuwa na haki ya kumharakisha.

Desemba ile, siku mbili kabla ya Krismasi, nilikuwa nafua uani. Mwanamke wa gomesi ya kijani alisimama langoni, kapu mkononi, jua likiwa nyuma yake. Nikaanza hesabu yangu: kimo, mabega, kapu, anayesimama namna hiyo ni nani. Kabla sijafika popote, akaita kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia:

"Mimi ni dada wa baba yako. Nimekuja na kuku. Nifungulie."